Kloro si Kolera

Leo nataka kueleza neno tulitumialo kila siku, nalo ni javel. Hivyo ndivyo sisi wa pwani ya Cabo Delgado tuyaitavyo maji makali yang'arishayo nguo. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Tanzania, huyaita jiki.

Asili yake. Javel kilikuwa kijiji karibu na Paris, Ufaransa. Mwaka 1785 mtaalamu Berthollet alionyesha kuwa klorini huondoa rangi katika kitambaa, na baada ya miaka michache kiwanda cha Javel kikaanza kuuza maji hayo. Zamani nguo zilianikwa juani siku nyingi ili ziwe nyeupe.

Matumizi yake. Kwanza, kufulia kanzu na mashuka meupe. Leso za rangi usizitie, zitaharibika. Pili, kuosha sakafu na choo. Tatu, klorini huua vijidudu katika maji ya kunywa. Kwa kazi hii yafaa dawa ya maji yenyewe, kama Certeza, kwa kipimo kilichoandikwa chupani. Kisha ngoja dakika 30. Wala usichanganye javel na ndimu au siki: hutoka gesi ya sumu, ile ile iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915.

Hatari ya neno. Kwa Kireno, cloro ni dawa, na cólera ni kipindupindu. Masikioni mwa asiyejua Kireno maneno hayo yakaribiana sana. Katika mkoa jirani wa Nampula, watu walidhani kuwa watu wa afya, waliokuja kutia cloro, wanatia cólera, pakazuka vurugu. Carlos Serra aliandika kitabu juu ya mambo hayo, kilichotoka mwaka 2003.

Nasi kimbunga Kenneth kilitupiga tarehe 25 Aprili 2019, na mwezi wa Mei kipindupindu kikazuka Pemba na wilaya za jirani. Bibi yangu akakataa maji yaliyotiwa dawa. Nikamwambia kwa Kimwani chetu: "Bibi, kolera ndiye mwizi, kloro ndiye mlinzi." Akajibu: "Mbona hawakusema hivyo tangu mwanzo?" Akanywa.

Basi, wenzangu, tuliosoma tusicheke wasiojua. Dawa ikiletwa mtaani, tuitangulize kwa maelezo, tena kwa lugha ya nyumbani.