Hewa Inabadilika: Je, Mpunga Wako Unashiba?

Ndugu Mkulima wa Mwea,

Mpunga hula kwa njia mbili. Kwa majani huvuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua huigeuza kuwa wanga. Kwa mizizi huvuta chakula cha udongo: naitrojeni, potasiamu, zinki na vinginevyo.

Hewa ya ukaa hutoka katika moshi wa petroli, makaa ya mawe na misitu iteketezwayo. Mwaka 1958, katika sehemu milioni moja za hewa, sehemu 315 hivi zilikuwa hewa hiyo. Siku hizi zimepita 420. Basi majani yanapata chakula zaidi kuliko zamani. Je, mizizi nayo?

Wataalamu huko Japani na China walijaribu jambo hili. Waliuzungushia mpunga mabomba ya kutoa hewa ya ukaa, kwa kiasi kinachotazamiwa kabla ya karne hii kwisha. Mpunga ulizaa zaidi, lakini ule uliokosa naitrojeni uliongeza kidogo tu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya aina 18 za mpunga: katika kila 100, protini ya mchele ilipungua kwa 10 hivi, madini ya chuma kwa 8, na zinki kwa 5. Maana yake, gunia laweza kujaa na mtoto asilishwe sawasawa.

Basi, wewe unayelima hapa Wang'uru kwa maji ya Thiba na Nyamindi, fanya hivi:

1. Usiuze majani makavu yote ya mpunga. Potasiamu nyingi iliyotoka udongoni imo humo. Robota likipakiwa lorini, nayo imekwenda. Rudisha sehemu shambani, au tia samadi.

2. Mbolea ya naitrojeni, kama SA, igawe mara mbili au tatu. Wala usizidishe: pishori ina bua refu, ikinona mno hulala chini.

3. Pimisha udongo kabla ya kununua mbolea. Udongo uliofurika maji waweza kuishika zinki, mizizi isiipate.

4. Nyumbani, wali uende pamoja na maharagwe au ndengu, na mboga.

Hewa haina mpaka wala mwenyewe, lakini shamba ni akiba yako. Atoaye kila msimu bila kurudisha, mwisho hukuta sanduku tupu.