Hukumu Imesomwa, Usikae Ukilia

Mdogo wangu wa Mkwajuni, najua hali inavyokuwa. Ukisikia tu "umetiwa hatiani", masikio yanaziba. Nje mama analia, wajomba wanachangishana nauli ya kwenda kwa mganga, na jirani anasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi sikubaliani naye. Sheria imekuachia njia ya rufaa, ila ina siku zake, nazo haziwasubiri mmalize vikao vya ukoo. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kama umehukumiwa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Kama ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, unakwenda Mahakama Kuu: toa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha peleka rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Hapo siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi, kwa hiyo nakala hizo ziombe mapema, tena kwa barua. Ukiwa gerezani, karatasi zako hupitia kwa mkuu wa gereza.

Wananitia uchungu vijana wa maduarani, yale mashimo ya machimbo, wanaokiri kosa wasilolifanya ili yaishe, walipe faini warudi karashani kusaga mawe. Hayaishi, mdogo wangu! Hatia inabaki kwenye jina lako, na ukishakiri, kwa kawaida utaruhusiwa kulalamikia adhabu tu. Kuipinga hatia yenyewe ni mpaka uonyeshe, kwa mfano, kwamba kukiri kwako kulikuwa na utata, au hukulielewa shtaka. Usipoelewa ulichosomewa, sema hapohapo.

Tena usichanganye msamaha na kufutiwa hatia. Mwanamuziki Nguza Viking na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wanawe wawili: hao hatia yao ilifutwa. Nguza mwenyewe na mwanawe wa tatu, Papii Kocha, walitoka Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais. Msamaha ulifungua geti, lakini hukumu ya mahakama haukuitengua.

Umeshachelewa? Si wewe wa kwanza, wala usijifiche kwa aibu. Omba kuongezewa muda, ukiambatanisha kiapo kinachoeleza ucheleweshaji wote, siku kwa siku. Ugonjwa uwe na cheti. "Sikujua sheria" peke yake haitakubeba.

Na akija mtu kukunong'oneza kwamba ana mtu wake kwa jaji, mfukuze. Vishoka hao watakula hela ya mbuzi wa mama yako na siku zako zitapita. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo kama sisi. Mweleze ukweli wote, hata unaokuaibisha. Jaji hapimi machozi, anapima hoja: shahidi alikutambuaje gizani? Ulinyimwa nafasi ya kuita mashahidi wako?

Basi futa machozi. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwa mganga wala kwa mjomba, nenda kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, omba nakala zako, na uhesabu siku ulizobakiwa nazo.