Meza ya Mgeni katika Mji wa Paris

Kwetu, mgeni akifika wakati wa chakula, haulizwi ana fedha kiasi gani. Huletewa maji ya kunawa, akakaribishwa kula pamoja na wenyeji. Lakini Paris, mji mkuu wa Ufaransa, una watu mamilioni, na mgeni hajui abishe mlango upi. Je, mtu wa namna hiyo, tena mwenye fedha kidogo, atakula wapi bila kupunjwa wala kuaibishwa?

Zamani msafiri aliyefika Paris alikula katika nyumba ya wageni. Wote walikaa meza moja, saa ile ile, wakala kilichopikwa siku hiyo. Aliyechelewa alikuta mabaki. Katika miaka ya 1760 yalitokea maduka yaliyouza supu nzito ya nyama kwa watu dhaifu. Supu hiyo iliitwa "restaurant", maana yake kitu kirudishacho nguvu. Baadaye jina la supu likawa jina la nyumba yenyewe, ambayo sisi twaiita mkahawa. Desturi yake ilikuwa mpya: kila mtu alipewa meza yake, akaja saa aliyotaka, akachagua chakula katika orodha yenye bei. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789, baadhi ya wapishi waliokuwa wakiwapikia wakuu walifungua mikahawa yao wenyewe, nayo ikazidi kuwa mingi.

Hata hivyo, mikahawa mizuri ilikuwa ya matajiri. Yapata mwaka 1855 mwuza nyama mmoja, jina lake Duval, alifungua mkahawa wa bei nafuu karibu na soko kuu, ili wafanya kazi wapate supu na nyama ya moto. Mikahawa ya namna hiyo iliitwa "bouillon", neno lenye maana ya supu. Mmoja wao, Bouillon Chartier, ulifunguliwa mwaka 1896 katika mtaa wa Faubourg-Montmartre, na hata leo watu hula humo.

Haya, tuingie. Chumba ni kikubwa, dari iko juu sana, na kutani mna vioo. Viko pia visanduku vidogo vyenye namba, ambamo zamani wateja wa kila siku waliweka vitambaa vyao vya kufutia midomo. Watu wakiwa wengi, utaketishwa meza moja na usiowajua. Mtumishi amevaa kizibao cheusi na aproni nyeupe. Usimwite kwa kualisha vidole. Mwamkie kwanza, "Bonjour, Monsieur," yaani, "Siku njema, Bwana." Wafaransa huona ni ufidhuli mtu kuagiza kabla ya kuamkia; katika jambo hili wao na sisi tu wamoja.

Chakula hakiletwi chote pamoja. Hutangulia chakula chepesi, mathalani yai la kuchemsha au karoti zilizokunwa. Kisha huja nyama au samaki. Mwisho huja jibini au kitu kitamu. Ukiwekewa visu viwili, anza na kile cha nje. Mkate humegwa kwa mkono, haukatwi kwa kisu. Nayo mikono yako ionekane juu ya meza, isifichwe chini.

Sasa angalia sana. Ukiagiza nyama ya ng'ombe, mtumishi atakuuliza iive kadiri gani. Wafaransa wengi huipenda ikiwa ingali nyekundu ndani. Ukitaka iliyoiva sana, sema "bien cuit". Kiko na chakula kiitwacho "steak tartare": hicho ni nyama mbichi iliyokatwakatwa, nayo ndiyo desturi yake. Na "escargots" ni konokono. Mtu akiona haya kuuliza, akaonyesha tu kidole katika orodha, huenda akaletewa asichoweza kula, naye atakilipia. Afadhali kuuliza, maana kuuliza si ujinga.

Kwa habari ya fedha, mgeni analindwa kwa njia tatu. Kwanza, sheria yaagiza bei zibandikwe nje, azisome kabla ya kuingia. Pili, mkate na maji ya mfereji hayatozwi fedha mbali na chakula. Tatu, ujira wa utumishi umekwisha kutiwa katika bei. Bakshishi ni hiari yako. Tena hesabu hailetwi mpaka uiombe, kwa kuwa kuileta mapema ni kama kukufukuza. Pale Chartier mtumishi huiandika juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, mbele ya macho yako. Nawe ijumlishe, ajuaye hesabu hapunjwi.

Basi, katika mji mkubwa mgeni hulishwa kwa fedha, wala si kwa udugu. Lakini mchukuzi mwenye fedha kidogo akijua kusoma bei, kuamkia na kuuliza, huketi penye vioo vile vile anapoketi tajiri, wala hapana wa kumwinua.

Maswali
1. Neno "restaurant" lilikuwa na maana gani hapo kwanza?
2. Duval alifungua mkahawa wake kwa ajili ya nani?
3. Taja njia tatu zinazomlinda mgeni asipunjwe.
4. Mgeni akija kula nyumbani kwenu, ni desturi zipi mtakazomfundisha?