DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 18: Ukiwa safarini, ule wapi?



Baba zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaosoma huku mmeegemea dirisha la basi. Nusu ya mwezi imetupita na safari zimeanza. Wenye maduka wanakwenda Dar kuchukua mzigo wa Iddi, wanafunzi wanarudi kwao, wengine wanapanda milimani kuwaona wazee. Simu yangu imejaa swali moja lenye sura nyingi: ustadh, nikiwa njiani nile wapi? Na sisi watu wa Morogoro swali hili ni letu hasa, maana mji wetu ni njia panda. Simama Msamvu jioni moja tu uone: basi la Dodoma, la Iringa, la Mbeya, la Dar, na kila upande moshi wa nyama unakuita.

Kabla ya sahani, tukuangalie kwanza wewe mwenyewe. Je, ni msafiri? Masafa yanayotajwa ni kilomita 80 na ushei. Morogoro mpaka Dar ni kama kilomita 190, hiyo ni safari. Kwenda Mikumi mjini nako ni safari. Lakini kupanda Kinole kumsalimia bibi na kurudi jioni, hayo ni matembezi, funga yako. Na sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii tuna sharti jingine ambalo wengi wanalisahau: ili ule siku hiyo, uwe umeshatoka mjini kwako kabla ya alfajiri. Umepanda gari la saa 10 usiku, alfajiri imekukuta Mikese, ruhusa unayo. Umeamka nyumbani, umefunga, gari lako ni la saa 3 asubuhi, basi kamilisha siku hiyo, isipokuwa hali ikuzidie kweli.

Kuna aliyeniuliza kuhusu treni ya SGR. Tangu ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, mtu anafika kwa chini ya saa mbili, tena amekaa kwenye baridi. Je, huyo bado ni msafiri? Ndiyo. Ruhusa imefungamana na safari, haikufungamana na taabu. Ila ukiweza kufunga bila kuumia, kufunga ni bora kwako. Masahaba walisafiri na Mtume (s.a.w.), wapo waliofunga na wapo waliofungua, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kwa hiyo ukimwona mtu anatafuna ndizi ya kuchoma ndani ya basi mchana, mwache. Huenda ana ruhusa, huenda mgonjwa, huenda ni mama mwenye udhuru wake, huenda si Muislamu kabisa. Hukuwekwa kuwa kondakta wa saumu za watu.

Haya, sasa sahani yenyewe. Iwe mchana kwa mwenye ruhusa, iwe magharibi kwa aliyefunga, unashuka kwenye gari una dakika kumi na tano na njaa ya kutosha. Unafanyaje?

Kosa la kawaida ni kumuuliza mhudumu: "Hii halali?" Jamani, nani atakujibu kwamba si halali? Atasema "halali hiyo mzee, karibu," huku anafuta meza. Hajakudanganya, pengine hajui hata unauliza nini. Mwache mhudumu, nenda kwa mchomaji mwenyewe, msalimie, umpe pole ya kazi, halafu uliza vitu anavyovijua: "Mbuzi mmemchukua bucha gani? Hapa mnachoma na kitimoto?" Hayo atakujibu kwa sababu ni kazi yake. Na usikilize lugha yake. Ukisikia "mdudu" au "mbuzi katoliki", ujue anayezungumzwa hapo si mbuzi, ni nguruwe. Kuna mgeni wetu mmoja aliagiza nusu kilo kwa kulisikia tu neno mbuzi! Allah alimstahi, mchomaji aliiona kofia yake akamzuia. Mchomaji huyo si Muislamu. Namwombea heri mpaka leo.

Kuhusu kuchinja, msijitese. Kwa desturi ya miaka mingi, kwenye machinjio ya miji yetu anachinja Muislamu, na nyama ya bucha inatoka huko. Ule muhuri mnaouona kwenye paja la ng'ombe unakwambia nyama imekaguliwa, haina maradhi. Haukwambii nani amechinja. Kwa hilo unategemea desturi ya mahali na neno la muuzaji. Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kuwa watu waliosilimu karibuni walikuwa wakileta nyama Madina, na haikujulikana kama walitaja jina la Allah wakati wa kuchinja. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa, akaelekeza walaji wenyewe wapige bismillahi, wale. Hakuwatuma watu kwenda kupeleleza. Pale ambapo dhahiri ya mambo ni halali, msingi ni kumdhania mtu vizuri.

Nalikazia hili kwa sababu tumeshaona pabaya. Februari 2013, Buseresere huko Geita, mzozo wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji mmoja akauawa. Kwa ajili ya nyama! Sisi dini yetu inatuuliza tunachokula, na hiyohiyo itatuuliza damu ya jirani. Ukiwa na shaka na sehemu, nyanyuka kimyakimya, nenda kwingine. Huna haja ya kutangaza sokoni kwamba chakula cha fulani ni haramu.

Kwangu mimi jiko lina shida kubwa kuliko machinjio. Mbuzi kachinjwa vizuri kabisa, bismillahi imesomwa, halafu kafika kwenye wavu uleule uliotoka kuchomewa nguruwe, akakatwa kwa kisu kilekile, juu ya gogo lilelile. Mafuta yanachuruzika. Hapo wengine wanasema, "Ustadh, si moto umeunguza kila kitu?" Katika madhehebu yetu moto hautwaharishi wavu. Kilichoguswa na nguruwe kikiwa na umajimaji kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imamu Nawawi, naye ni wa madhehebu hayahaya, aliona kwamba ukiangalia dalili, kuosha mara moja kunatosha. Sasa wewe uliyeko stendi usibishane na Nawawi, uliza tu kama kisu, gogo na wavu ni vya peke yake. Sehemu nyingi zenye biashara zote mbili wanatenga majiko, kwa sababu wanataka wateja wote. Kama hawakutenga, usile nyama hapo.

Na kama mahali penyewe ni baa, meza zimejaa chupa, usikae hata kama mbuzi wao ni safi. Tumekatazwa kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Kufungwa kwenye karatasi uondoke nayo ni jambo jingine, ingawa Ramadhani hii ningekushauri utafute pengine.

Usidhani bila nyama choma umekosa vya kula Morogoro. Samaki hahitaji kuchinjwa. Perege na kambale wa bwawa la Mindu wapo, uliza tu mafuta waliyokaangia yamekaanga nini kingine. Wali wa mchele wa Kilombero na maharage, magimbi ya milimani, mihogo, ndizi, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi. Riziki hiyo. Mtu anapita kwenye vyote hivyo na kulalamika kwamba njia haina halali!

Wanaokwenda njia ya Iringa niwaambie jambo. Ukipata mtu anakunong'oneza kwamba ana nyama pori kavu, achana naye. Kwanza ni ujangili, na kula cha wizi si futari. Pili, mnyama aliyenaswa kwa waya akafia hapo ni nyamafu. Tatu, nyama ikishakaushwa utajuaje ni ya swala au ya ngiri? Ngiri ni jamii ya nguruwe. Bucha za nyamapori zenye leseni siku hizi zipo, na hata huko unauliza: mnyama gani, nani amemwinda, alitaja jina la Allah alipofyatua?

Sasa nije kwa lililonifanya niandike leo. Kijana mmoja alinifuata baada ya Tarawehe. Alikwenda Mgeta kwa mjomba wake, mdogo wa mama yake. Mnaojua mila za Kiluguru mnajua mjomba ni nani: ukoo unafuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito kuliko la baba. Mjomba huyu ni Mkristo, kama walivyo wengi upande ule. Alimwandalia mpwa wake futari: uji, magimbi, maharage, na kuku. Kijana akatoa kwenye begi mkate na soda yake, akala hivyo peke yake, hakugusa hata uji. Mjomba hakusema kitu. Kijana anauliza, "Nilifanya sawa?"

Nikamuuliza, uji una shida gani? Magimbi je? Hakuna mwanachuoni aliyeharamisha magimbi kwa sababu yamechemshwa na Mkristo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu, alielekeza kwamba kama hakuna vingine vioshwe, vitumiwe. Kuku sawa, hapo kuna mazungumzo. Aya ya 5 ya Suratul Maida imetuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, masheikh wetu wameweka masharti yao, na najua wengi wenu hamli mpaka achinje Muislamu. Ukitaka kujizuia, jizuie. Lakini jizuie kuku, usimzuie mjomba. Ungempigia simu siku moja kabla: "Mjomba, nakuja, nimefunga, kuku niachie nichinje mwenyewe." Wazee wa Uluguru hili hawafundishwi. Kwenye misiba yao yenye dini mbili huita Muislamu ashike kisu, ili ukoo wote ule sufuria moja.

Nilimwambia arudi Mgeta kabla ya Iddi, apeleke sukari na mchele, na safari hii ale. Jana amenitumia ujumbe kwamba amefika, kuku amechinja yeye, na mjomba ndiye aliyemshikia miguu.

Mwisho, muda wa kufungua. Unafungua kwa jua la hapo ulipo. Simu au redio ikileta adhana ya Dar na wewe uko Msamvu, subiri dakika sita hivi, jua letu linazama baada ya lao. Ukiwa Dodoma, ongeza saba au nane nyingine juu ya za Morogoro. Na wa njia ya Iringa na Mbeya, kumbukeni barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, na humo basi halisimami kwa ajili ya futari yako. Kabla ya kuvuka Doma hakikisha tende na maji viko mkononi, visiwe kwenye buti chini ya mizigo. Chukua tende za kutosha na jirani yako wa kiti, na dereva umpelekee mbili.

Maswali yatumeni hapahapa, nitajibu baada ya Asri in shaa Allah. Kesho tunaingia Zakatul Fitri, kipimo chake na nani apewe.

Wabillahi tawfiq.