Karatasi ya A4 na Jamaa Zake

Twaa karatasi ya A4, uukunje upande wake mrefu uwe nusu. Umepata A5: ni ndogo, lakini umbo ni lile lile, kwa kuwa katika jamaa hii urefu ni upana mara 1.414.

Mama yao ni A0, yenye eneo la meta moja ya mraba. Ikigawanywa nusu kwa nusu mara nne, hutoa A4 16, kila moja milimita 210 kwa 297. Mpango huu aliutunga Mjerumani Walter Porstmann. Ukawa kanuni ya Ujerumani mwaka 1922, na ya mataifa mwaka 1975.

Faida yake ni nini? Karatasi ikiwa ya gramu 80 kwa meta ya mraba, A4 moja ina gramu 5. Basi barua ya karatasi nane ni gramu 40 bila bahasha. Mwandishi hahitaji mizani. Tena hati ya A3 ikipunguzwa kuwa A4, haikatwi neno wala muhuri.

Lakini Marekani hutumia karatasi ya milimita 216 kwa 279. Ukipeleka hati huko, acha nafasi chini, mistari ya mwisho isipotee.