Mchoro wa Mstari Mmoja kwa Tarakilishi: Somo la Vifundo, Pingili na Istilahi kwa Mfano wa Nyalenda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchora picha ya mstari mmoja kwa kutumia programu ya vekta, na yanafanya hivyo kwa Kiswahili kitupu. Yanashikilia kwamba mchoro wa aina hii ni somo bora la kuanzia kwa sababu unahitaji dhana chache, na kwamba uchache huo huo unaufanya uwe kipimo kizuri cha istilahi zetu. Mifano inayotumiwa ni miwili: samaki aina ya ngege na mtumbwi wa tanga, vitu ambavyo mkazi wa Nyalenda mjini Kisumu havimpigi chenga.

1.0 Utangulizi

Mchoro wa mstari mmoja ni ule ambao mchoraji huuanza mahali fulani na kuumaliza mahali pengine, au palepale alipoanzia, bila kuinua kalamu. Hauna kivuli, hauna rangi za kujaza, hauna mapambo. Kila kisichohitajika kimeachwa.

Nyalenda ni mtaa mkubwa ulio kusini mwa kitovu cha jiji la Kisumu. Umegawika katika wadi mbili, Nyalenda A na Nyalenda B, na upande wake wa chini unateremka kuelekea ufuo wa Dunga katika Ziwa Victoria. Katika mitaa kama huu mchoro ni riziki: mabango ya vinyozi, fulana za timu za kandanda, vibandiko vya matatu na bodaboda, majina kwenye ubavu wa mitumbwi. Kazi iliyofanywa kwa brashi peke yake zamani, leo hufanywa pia kwa tarakilishi na mashine za kukata vibandiko.

Tumchukue kijana anayejifunza kazi hiyo. Nyumbani huzungumza Kijaluo, barabarani Kiswahili, na shuleni amesomeshwa kwa Kiingereza. Vitabu na mafunzo mengi ya programu za kuchorea yameandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi ambacho si cha shuleni wala cha barabarani. Basi huketi kando ya fundi na kukariri: bonyeza hapa, kisha hapa, kisha pale. Siku programu inapotolewa upya na menyu kuhamishwa, elimu yake inayumba, kwa kuwa alijifunza mahali pa vitufe wala hakujifunza tabia ya mstari. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, huku kikibaki lugha ya taifa. Urasmi huo utakuwa na maana gani kwa kijana huyu ikiwa lugha yenyewe haiwezi kumweleza kazi ya mikono yake?

2.0 Mstari Kabla ya Tarakilishi

Sanaa ya kuchora bila kuinua mkono si ngeni barani Afrika. Wachokwe, wanaoishi Angola na sehemu jirani za Kongo na Zambia, wana michoro ya mchangani iitwayo sona (umoja ni lusona). Mchoraji husawazisha mchanga, akaweka nukta kwa ncha za vidole kwa umbali ulio sawa, kisha akapitisha mstari unaozizunguka nukta hizo huku akisimulia kisa, methali au kitendawili. Mkono haupaswi kusita. Mwanahisabati wa Msumbiji, Paulus Gerdes (1952–2014), aliandika kwa kina juu ya michoro hiyo na kuonyesha hisabati iliyomo ndani yake.

Huko Ulaya, mwaka 1736, Leonhard Euler alichunguza swali linalokaribiana na hilo: je, mtu anaweza kuvuka madaraja yote 7 ya mji wa Königsberg kwa kupita kila daraja mara moja tu? Jibu lilikuwa hapana, na sababu yake imekuwa kanuni. Hesabu mistari inayokutana katika kila makutano ya umbo. Ikiwa makutano yote yana idadi shufwa ya mistari, umbo huchorwa kwa mstari mmoja na mkono hurudi ulipoanzia. Ikiwa makutano mawili tu yana idadi witiri, mstari utaanzia kwenye moja na kuishia kwenye jingine. Yakizidi mawili, umbo halichoreki bila kuinua kalamu au kupita mahali mara mbili. Tutaihitaji kanuni hii tutakapofika kwenye mtumbwi.

3.0 Dhana Tano za Msingi

Picha ya kamera ni mkusanyiko wa nukta za rangi. Picha yenye nukta 1,000 kwa upana na 1,000 kwa urefu ina nukta 1,000,000, na ukiikuza mno nukta hizo huanza kuonekana kama matofali. Mchoro wa vekta hauhifadhi nukta za rangi. Huhifadhi maelezo ya mstari: unaanzia wapi, unapinda vipi, unaishia wapi. Kila unapoukuza, tarakilishi huusoma upya maelezo hayo na kuuchora upya. Ndiyo maana nembo moja hutosha kwenye beji na kwenye ukuta mzima wa duka.

Maelezo hayo yanahitaji dhana tano. Tunapendekeza ziitwe hivi:

(a) Njia ni mstari mzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Njia ina mwelekeo, na yaweza kuwa wazi au kufungwa.

(b) Kifundo ni mahali ambapo njia imewekewa alama na mchoraji. Tunalo tayari neno hili katika kifundo cha mguu na kifundo cha mkono, ambapo kiungo hushika na kugeuka.

(c) Pingili ni sehemu ya njia iliyo kati ya kifundo kimoja na kinachofuata. Mkazi wa Kisumu, ambaye mashariki yake kumetanda mashamba ya Miwani, Chemelil na Muhoroni, hahitaji kufundishwa pingili ya muwa ni nini.

(d) Shikio ni kijiti kinachochomoza kwenye kifundo ili kuielekeza pingili. Halichapishwi, huonekana tu wakati wa kuchora. Katika Kiswahili shikio ni kitu cha kushikia na pia ni usukani wa chombo. Maana zote mbili zinafaa: mkono hulikamata, nalo huupa mstari uelekeo.

(e) Tao ni umbo la kupinda ambalo pingili hulipata kwa mvuto wa mashikio yake.

Hisabati ya matao haya ilitoka katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën aliifanyia kazi mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza katika miaka ya 1960. Jina la huyu wa pili ndilo lililobaki kwenye matao yenyewe. Kila pingili huamuliwa na nukta nne: vifundo viwili vya mwisho na ncha mbili za mashikio. Shikio likiwa refu, tao hulifuata kwa muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka. Likiwa fupi, hugeuka mapema. Kwa robo ya duara, urefu wa shikio unaofaa ni takriban 0.55 ya nusu kipenyo.

4.0 Somo la Kwanza: Ngege

Tutatumia Inkscape, programu huria iliyoanza mwaka 2003, ambayo hupatikana bila malipo. Anayetumia CorelDRAW au Adobe Illustrator atazikuta dhana zile zile, ingawa vitufe vyaweza kutofautiana. Samaki wetu ataelekea kushoto.

Kwanza, bonyeza kitufe B ili kupata kalamu ya matao. Bofya upande wa juu kulia: hiyo ni ncha ya juu ya mkia, na ndicho kifundo cha kwanza.

Pili, sogea hadi katikati ya tumbo, chini kabisa. Bonyeza kipanya na, bila kukiachilia, ukiburute kuelekea kushoto. Mashikio mawili yatachomoza, moja kila upande.

Tatu, nenda mdomoni, kushoto kabisa. Bonyeza na kuburuta kuelekea juu.

Nne, nenda katikati ya mgongo, juu kabisa. Bonyeza na kuburuta kuelekea kulia.

Tano, bofya bila kuburuta kwenye ncha ya chini ya mkia, kisha bofya kwenye kifundo cha kwanza. Njia imefungwa.

Kumbuka kwamba shina la mkia, ambapo mstari wa tumbo na wa mgongo hukatana, halikuwekewa kifundo. Makutano si kifundo. Makutano hutokea yenyewe njia inapojikata, ilhali kifundo huwekwa na mchoraji kwa kusudi. Wanaoanza huchanganya mambo haya mawili, wakaweka kifundo kila mistari inapokutana na kuharibu ulaini wa tao.

Sasa bonyeza kitufe N ili kurekebisha vifundo. Vuta mashikio ya tumbo na mgongo yawe ya kulala, na ya mdomoni yawe ya kusimama. Kanuni ni hii: weka kifundo pale umbo linapofika mwisho wake wa juu, chini, kushoto au kulia, wala si kila mahali. Hatimaye fungua kidirisha cha rangi kwa Ctrl+Shift+F, ondoa rangi ya ndani, chagua unene wa mstari, tuseme milimita 2, na uzifanye pembe ziwe za mviringo.

Tuhesabu. Ngege wetu ana vifundo 5 na mashikio 6. Hizo ni nukta 11, na kwa kuwa kila nukta ina vipimo viwili, samaki mzima ni nambari 22. Anayemchora kwa kalamu huru, kwa kitufe P, hupata vifundo vingi kwa sababu programu hufuata kila mtetemo wa mkono. Ctrl+L hupunguza vifundo hivyo, lakini programu haijui kipi ni mtetemo na kipi ni pezi. Uamuzi huo ni wa mchoraji.

5.0 Somo la Pili: Mtumbwi wa Tanga

Baadhi ya mitumbwi ya mbao ya Ziwa Victoria hutumia tanga la pembetatu linalofanana na la majahazi ya Pwani. Anayeuchora mara ya kwanza huweka sehemu sita: ukingo wa juu toka omo (mbele) hadi chini ya mlingoti, ukingo toka hapo hadi tezi (nyuma), tumbo la mtumbwi, mlingoti, na pande mbili za tanga toka kileleni hadi omo na tezi.

Turudi kwa Euler. Kwenye omo hukutana mistari mitatu: ukingo, tumbo na tanga. Kwenye tezi, mitatu. Chini ya mlingoti, mitatu. Kileleni, mitatu. Makutano manne yana idadi witiri. Kwa hiyo mtumbwi huu hauchoreki kwa mstari mmoja, hata mchoraji awe hodari vipi.

Ni lazima kitu kiachwe. Tukiuacha ukingo, mtumbwi unabaki bila umbo. Tukiliacha tumbo, unazama. Tukiuacha mlingoti, omo na tezi zinabaki na mistari mitatu kila moja, na kwingine kote idadi ni shufwa. Sasa njia ipo: anzia omo, fuata ukingo hadi tezi, rudi kwa chini hadi omo, panda hadi kileleni, kisha shuka kwa tao la tanga lililojaa upepo hadi tezi. Vifundo vitano, pingili nne. Kwa kuwa omo na tezi hupitiwa mara mbili, kila moja ina vifundo viwili vilivyolaliana; washa unasaji wa vifundo ili vikae sawasawa.

Hakuna atakayeuliza mlingoti uko wapi. Tanga limesimama, na jicho la mtazamaji linajaza lililobaki. Kuacha, katika mchoro huu, kuna sababu inayoweza kuhesabiwa.

6.0 Kuzipima Istilahi Kazini

Jitihada za kukifikisha Kiswahili kwenye tarakilishi zina historia. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, istilahi nyingi zimebaki katika orodha, zikijadiliwa na wataalamu ambao hawazitumii kazini.

Tunapendekeza kipimo chepesi. Wanafunzi wawili waketi, mmoja mbele ya tarakilishi, mwingine akiwa na picha ambayo mwenzake haioni. Mwenye picha aelekeze kwa Kiswahili tu. Kila mwenzake anapokosea, waliandike neno lililotumika wakati huo. Kisha zoezi lirudiwe pamoja na kijana afanyaye kazi ya mabango. Neno likimkwaza mwanafunzi na fundi pia, libadilishwe.

Tunaweza kukisia maneno yatakayozua mjadala. Shikio linakaribiana kimatamshi na sikio. Je, kipini kingefaa zaidi, ijapokuwa wengi watafikiria pambo la puani? Omo na tezi ni msamiati wa Pwani. Je, mvuvi wa Dunga atayapokea, au atapendelea mbele na nyuma? Maswali haya hayajibiwi kwa kamusi pekee. Hujibiwa na mkono unaosubiri agizo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia, kifundo, pingili, shikio na tao zatosha kumfikisha mwanafunzi kwenye mchoro kamili, na kwamba hakuna hata moja kati ya istilahi hizo iliyolazimu kukopwa. Aliyeelewa dhana hizi hatatishwa na menyu zilizohama, kwa kuwa ataijua kazi anayoitafuta. Ni wajibu wa wanachama wetu kuzipeleka nje ya ukumbi wa mihadhara na kukubali kusahihishwa huko.

Mazoezi

1. Chora kikombe chenye mkono kwa njia moja isiyozidi vifundo 8. Eleza kwa nini kila kifundo kimewekwa kilipo.

2. Chora mraba wenye mistari miwili inayokatana ndani toka pembe hadi pembe. Kwa kutumia kanuni ya Euler, thibitisha kwamba hauchoreki kwa mstari mmoja. Ongeza paa la pembetatu juu yake, kisha uhesabu tena.

3. Andika maagizo ya kumchora ngege kwa maneno yasiyozidi 80, bila kutaja kitufe chochote. Mpe mwenzako ayafuate, na urekebishe istilahi zilizomkwaza.