Jeti-ski ya Kusimama: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua na Kuanza Michezo

Jeti-ski ya kusimama ni chombo cha mtu mmoja kisicho na kiti. Mwendeshaji husimama nyuma, akishika usukani uliofungwa kwenye mkono unaopanda na kushuka. Kampuni ya Kawasaki ilianza kuuza vyombo vya aina hii mwaka 1973. Baadaye ulizuka mchezo wa kuruka, kuzunguka na kupinduka navyo majini. Mtumiaji anayevutiwa na mchezo huu anashauriwa kusoma maelezo yafuatayo kabla ya kutoa fedha.

Chombo kinachomfaa anayeanza

Hasara kubwa hutokana na kununua chombo kilichokwisha kubadilishwa kwa mashindano. Chombo hicho huwa chepesi na kifupi, na injini yake ina nguvu nyingi. Huyumba sana kwa asiye na uzoefu, na mara nyingi huhitaji petroli maalumu isiyopatikana vituoni. Kinachofaa zaidi ni chombo ambacho hakijabadilishwa, kama vile Yamaha SuperJet, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Zile za injini ya mipigo miwili, zilizotengenezwa kabla ya toleo la 2021, hupatikana zikiwa zimetumika. Kawasaki SX-R ya injini ya sentimita za ujazo 1,498 ina uzito wa takriban kilo 250. Ni tulivu kwenye mawimbi, lakini si rahisi kuirusha.

Ukaguzi kabla ya kulipa

1. Fika injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka.
2. Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, huenda injini inahitaji matengenezo makubwa.
3. Tazama pangaboi lililo ndani ya pampu. Mapengo na mikwaruzo ni dalili ya kuvuta mchanga na mawe.
4. Kagua bodi kwa nyufa na viraka, hasa chini na mahali mkono wa usukani ulipofungwa.
5. Linganisha namba ya bodi na hati za umiliki, kisha dai risiti yenye namba hiyo.

Usalama

Vaa jaketi okozi na kofia ngumu. Funga kamba ya kuzimia injini mkononi kila unapopanda. Ukianguka, injini itazimika. Vaa pia suruali ya mpira ya kuogelea. Anayeanguka nyuma ya chombo anaweza kupigwa na maji ya pampu, yakaingia mwilini kwa nguvu na kuumiza viungo vya ndani. Nguo ya kawaida ya kuogelea haizuii hatari hiyo.

Kumbuka kuwa chombo hiki hugeuzwa na maji yanayosukumwa na pampu. Ukiachia mafuta ili kukwepa kitu, utapoteza uwezo wa kukata kona. Kaa mbali na waogeleaji, ngalawa na nyavu.

Hatua za kujifunza

Chagua maji matulivu yanayofika kiunoni au zaidi. Lala kifudifudi kwenye sehemu ya kusimamia, ongeza mafuta kidogo, kisha piga magoti. Chombo kikishika mwendo hutulia. Ndipo unyanyue mguu mmoja baada ya mwingine. Jifunze kona za pande zote mbili, kusimama kwa mwendo mdogo, na kupanda tena kwenye maji ya kina. Kikipinduka, kigeuze kwa upande ulioonyeshwa kwenye kibandiko cha nyuma, maana upande mwingine unaweza kuingiza maji ndani ya injini.

Ukimudu hayo, anza kugeuka ghafla nusu duara, kisha miruko midogo. Mikanda ya miguu ifungwe baadaye. Anayeanza anapoanguka, miguu yake inapaswa kuwa huru.

Baada ya kutoka baharini

Suuza injini kwa maji baridi. Washa injini kwanza, ndipo ufungulie bomba; ukimaliza, funga bomba kabla ya kuzima injini. Ukikosea mpangilio huu, maji yanaweza kuingia kwenye silinda.

Tunza risiti, matangazo na ujumbe wote wa muuzaji. Ndivyo vitakavyokuwa ushahidi wako endapo chombo ulichouziwa si kile ulichoahidiwa.